Mkutano ni Saa Nne Kamili

Alhamisi, 26 Julai 2018
Utende. Bosi kapiga simu kutoka Dar. Watu wa kisiwa cha Chole wasipokubali kufunga mwamba wao wa pweza, wasivue kwa miezi mitatu, mkataba wangu hauongezwi. Kazi ndogo! Hawajawahi kuelimishwa na mtaalamu wa ngazi yangu. Nimeandaa slaidi sitini na nne. Msaidizi wangu, Careen, kashauri zibaki tatu. Akili za diploma hizo! Nimeongeza sita.

Jumamosi, 28 Julai
Aibu tupu. Saa nne kamili asubuhi nilikuwa Chole, tai shingoni. Viti vimejaa uwanja, watu wawili: Mwenyekiti Abeid, na Mzee Kombo, aliyesikia daktari kaja akaniletea goti lake linalomuuma. Mwenyekiti akaniambia ni bamvua, maji yamekupwa kabisa, kijiji kizima kiko mwambani kinachokoa pweza. Visingizio! Nimeandika kurasa mia mbili za udaktari wangu wa bahari juu ya bamvua, sikuona mahali panaposema linazuia mikutano.
Careen naye kanitoroka. Karudi mchana, kalowa mpaka magotini, anacheka na kina mama. Hajui thamani ya taaluma.

Jumatano, 1 Agosti
Nimegundua tatizo. Hawanisikii! Nimekodi spika mbili kubwa Kilindoni.

Jumamosi, 4 Agosti
Safari hii Careen ndiye aliyepanga muda, saa kumi alasiri. Wakajaa. Nikanguruma juu ya mienendo ya bioanuwai katika mifumo ikolojia. Kwenye slaidi ya kumi na tisa Bi Mize, anayeishi kwa kuuza pweza, akauliza: wakifunga, pweza watakua au hawakui? Nikamjibu kuwa takwimu zinaashiria uwezekano. Akataka ndiyo au siyo. Nikamwambia hilo si swali la kisayansi.
Watu wakaanza kuondoka. Mmoja kaondoka na kiti. Niliogopa, sifichi, niliuona mkataba ukienda nao.
Ndipo Careen akasimama. Akazima spika! Akainua pweza wawili, mmoja wa kujaa kiganja, mwingine wa kujaa beseni. Akasema wakimwacha huyu miezi mitatu, watamkuta huyu. Bi Mize akaniambia si ningesema hivyo tangu mwanzo. Mikono ikapanda juu, mwamba ukafungwa.
Na Careen hakutaja hata rejea moja!

Jumatatu, 6 Agosti
Mkataba umeongezwa! Nimemweleza bosi kuwa slaidi ya kumi na tisa ndiyo iliyowalainisha, ilichelewa tu kuwaingia. Careen sikumtaja, asije akavimba kichwa.
Sasa mhadhara wa matokeo, slaidi mia. Wanakijiji wamepanga kufungua mwamba Alhamisi, 8 Novemba, siku ya bamvua. Nimechagua asubuhi hiyohiyo, saa nne kamili, wote wakiwa na furaha. Mwenyekiti Abeid akanitazama, akauliza kama nina hakika. Nikamkumbusha kuwa anaongea na mtaalamu wa bahari.
Akasema haya, atamwambia Mzee Kombo aje na goti.