Mwanafunzi Namba Thelathini na Nane

Jumatatu, 3 Machi

Kazi yangu ya kwanza maishani! Ya muda, wiki sita, wakati nasubiri matokeo ya sekondari. Shangazi ni mratibu wa shahada ya uzamili ya ualimu kwa njia ya mtandao. Maana ya "mtandao" nimeielewa leo. Profesa anaandika masomo kwa mkono, Karani anapiga picha, picha zinatumwa kwa barua pepe. Miaka kumi na moja hivyo hivyo! Sasa chuo kimeamuru kozi iendane na zama za kidijitali. Umewekwa mfumo mpya wenye jukwaa la majadiliano. Jumatatu ijayo wanakuja wakaguzi wawili, na wakikuta jukwaa limekufa, kozi inafungwa. Walimu thelathini na saba wanaosoma wataachwa njiani, na Shangazi atavuliwa uratibu.

Mimi ninaingiza maandishi ya Profesa kwenye mfumo. Fundi wa kompyuta aliniuliza kama najua kompyuta. Nikaitikia kwa kichwa. Akaniuliza jina langu. Nikaitikia kwa kichwa. Tayari ananiita Bi Kimya.

Jumanne, 4 Machi

Nimeliona jukwaa. Kuna swali moja la Profesa, lina wiki tatu. Swali lenyewe: "Jadili." Basi. Hakuna aliyejadili.

Shangazi amewapigia simu wanafunzi tisa. Kila mmoja anasema hataki kuonekana kimbelembele, aanze mwenzake. Majina yao hayaonekani huko, ni namba tu, lakini bado wanaoneana haya. Nawaelewa kabisa. Tangu jana nashindwa kumuuliza Karani choo kiko wapi.

Fundi alikuwa ametengeneza akaunti ya majaribio, Namba 38. Alinipa nijifunzie. Nikapata wazo! Kama wanangoja mtu aanze, si aanze huyu ambaye hana haya kwa sababu hayupo? Nikaandika swali linalonisumbua tangu darasa la tatu: mwalimu anajuaje kama mtoto anayenyamaza ameelewa au ameogopa? Nikabonyeza. Nikajificha chini ya meza kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Majibu kumi na manne!

Karani ameyachapa yote, maana Profesa hasomi kwenye kioo. Profesa ameyasahihisha kwa kalamu nyekundu, Karani ameyapiga picha, mimi nimeyarudisha jukwaani. Sijui kama hizi ndizo zama za kidijitali. Sikuuliza. Kwenye swali langu ameandika: "Hatimaye!"

Namba 12, ambaye ni mwalimu mkuu na anatukumbusha hivyo kila sentensi ya pili, amesema Namba 38 anaonekana hajawahi kusimama mbele ya darasa. Ni kweli. Lakini nilikasirika! Nikamjibu aya nne. Nilitumia neno "kinyume chake" mara tatu. Namba 5 akaandika, "Mpe vidonge vyake, kaka yangu!" Inaelekea mimi ni mwanamume. Nimeacha hivyo hivyo.

Shangazi anaimba ofisini. Amemwambia Fundi kwamba huyu Namba 38 ametumwa na Mungu. Fundi amekuna kichwa, akasema namba hiyo aliwahi kuiona mahali. Nikaangusha kikombe makusudi.

Alhamisi, 6 Machi

Sielewi imekuwaje. Wamenichagua kiongozi wa darasa. Kura ishirini na sita. Hata mimi nilimpigia Namba 12, kwa heshima, na haikusaidia.

Kisha Profesa akaja ofisini kwa miguu yake, kitu ambacho Karani anasema hakijatokea tangu lifti iharibike. Anataka kikao cha video kesho, kamera wazi. Anataka kumwona Namba 38 uso kwa uso kabla hajastaafu. Macho yake yaling'aa. Nilitazama viatu vyangu.

Mpango: Namba 38 augue. Ugonjwa unaozuia kusema lakini hauzuii kuandika. Nikatangaza jukwaani kwamba nimekaukiwa na sauti. Ujanja mtupu, niliona.

Mchana: ujumbe wa pole arobaini na mmoja. Darasa lina watu thelathini na saba. Namba 20 anashauri maji ya moto na asali. Namba 5 anashauri ninyamaze kabisa, jambo ambalo ndilo ninalolijua kuliko yote. Profesa ameguswa sana, ameahirisha kikao ili nipone. Hadi Jumatatu. Saa nne. Wakaguzi wakiwepo, ili wamsikie kwa masikio yao.

Ijumaa, 7 Machi

Karani amegundua kwamba Namba 38 hana fomu ya usajili. Amepekua kabati zima. Shangazi akamwambia bila shaka alihamishwa kutoka chuo kingine, na wewe Karani usinitie kiwewe wiki hii, tafadhali. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Ikatoka kwikwi.

Mpango wa pili, rahisi zaidi: Namba 38 aache masomo. Nikaandika barua ya kuaga, fupi, yenye heshima: sababu zisizozuilika, nawatakia kila la heri.

Saa nane, wanafunzi kumi na tisa wametangaza kwamba kiongozi wao akiondoka, nao wanaondoka. Namba 12 ameandika kwamba ana hakika nimeonewa na ofisi, na ingawa hatupatani, uonevu hauvumilii. Profesa amemwandikia Mkuu wa Kitivo akidai maelezo kutoka kwa mratibu. Kwa kalamu nyekundu.

Mratibu ni Shangazi!

Alisoma nakala, akaweka kichwa juu ya meza. Aliuliza, si kwa kuniuliza mimi, amemkosea nini mtu huyo. Nilimletea maji. Akasema ahsante mwanangu, angalau wewe huna makuu.

Jumapili, 9 Machi

Nimekiri. Asubuhi, Shangazi akifua, maana mikono yake ilikuwa kwenye povu na nilijua hatanishika sikio haraka. Nilianza sentensi mara sita.

Shangazi aliacha kufua. Kisha akauliza polepole, yaani kiongozi wa darasa lake la uzamili bado anasubiri matokeo ya sekondari? Nikaitikia kwa kichwa. Akaketi juu ya ndoo. Akasema angeweza kucheka, lakini atacheka akishajua kama ana kazi. Halafu akasema kesho nitawaambia mwenyewe. Kwa mdomo. Na akakataza maandishi, maana alishaniona naangalia kalamu.

Jumatatu, 10 Machi

Saa nne. Wakaguzi wawili mezani, Profesa katikati na tai, nyuso thelathini na saba ukutani. Wote walikuwepo! Namba 20 alishika chupa ya asali.

Nilisimama. Nikasema: "Namba 38 ni mimi. Hakuna mtu mwingine. Shangazi hakujua. Samahanini." Maneno kumi. Nilihesabu kwa vidole mgongoni.

Namba 12 alisema yeye alijua tangu mwanzo. Namba 5 akamwambia aache uongo, juzi tu alikuwa anataka kuandamana kwa ajili yangu. Wakaanza kubishana, wote kwa pamoja, bila mtu kuwaanzishia. Mkaguzi mrefu aliandika kitu. Profesa aliniuliza jambo moja tu: lile swali la mtoto anayenyamaza lilikuwa langu? Nikasema ndiyo. Akasema basi lina haki ya kujibiwa, akalijibu dakika arobaini.

Uamuzi: akaunti 38 ifutwe leo hii. Shangazi apewe barua ya onyo. Kozi iendelee muhula mmoja chini ya uangalizi, mradi jukwaa liwe hai kwa watu halisi. Shangazi bado mratibu! Njiani kurudi nyumbani alicheka hadi akashika ukuta. Halafu akaniapisha: sitaingiza tena jukwaani mtu ambaye hayupo. Nikaapa kwa moyo wangu wote.

Jumanne, 11 Machi

Jukwaani kimya. Jana walisema yote mbele ya kamera, leo wamerudia haya zao. Saa tano, hakuna neno. Saa saba, hakuna. Wakaguzi wataangalia tena Ijumaa. Shangazi amefungua ukurasa mara ishirini, anajifanya anatafuta miwani.

Nimefikiri sana. Kiapo ni kiapo, na mimi si mtu wa kuvunja kiapo. Mtu ambaye hayupo, hapana, kamwe!

Lakini Profesa yupo. Nimemwona kwa macho yangu, ana tai na kila kitu. Na tangu asubuhi Karani amenikabidhi nenosiri la Profesa, kwa kuwa mwenyewe hataki kuligusa.

Nimeshaandika maswali matatu. Nadhani atayapenda.