Liwali wa Mlima wa Theluji

Jumamosi, 5 Desemba 1970
Barua ya mwanangu Ghanim imefika kutoka Sofia, huko Bulgaria anakosoma! Ndani mna picha: kasimama juu ya mlima Vitosha, mweupe pepepe kwa theluji, mbao mbili ndefu miguuni. Watu huteleza nazo kwa makusudi! Na mlima wenyewe unahifadhiwa, hata ua huruhusiwi kuchuma. Jumapili yeye na wenzake huokota takataka huko. (Hili la takataka nimelisoma mara moja tu.)

Jumatatu, 7 Desemba
Kahawa kwa Bi Muhsina. Nnamtaka binti yake, Aliya, awe mke wa Ghanim. Nimemkuta jirani yangu Masouda kajaa tele, naye anamposea mwanawe wa Kuwait mwenye motokaa. Motokaa! Nikatoa picha. Masouda akasema majabali hata hapa Maskati yapo, mbuzi wamejaa. Nikamwambia mwanangu si mbuzi. Kapewa mlima mzima, yeye ndiye liwali wake.
Masouda akaaga. Raha iliyoje!

Jumatano, 9 Desemba
Balaa. Bi Muhsina kaleta salamu: liwali hamtaki. Baba yake mwenyewe Bi Muhsina alikuwa liwali, wakahamishwa mara nne, kila pahala mamake akiacha masufuria. Aliya haendi kukaa kwenye barafu.
Masouda kapita mlangoni mwangu mara tatu. Hana shughuli?

Alhamisi, 10 Desemba
Nimekwenda mbio na barua, nimsomee pale Ghanim anaposema atarudi kufundisha hapahapa. Bi Muhsina kaninyang'anya, kaisoma yote. Takataka. Kuanguka mara kumi na tisa. "Mama, usimwambie mtu." Jasho likanitoka mpaka kisiginoni.
Kacheka akashika mbavu. Kasema, weye Mahfoudha, kijana mzuri hivi, asiyemficha mama yake kitu, unamzulia uliwali wa nini? Huyu wa takataka ndiye anayemtaka. Nyuma ya pazia Aliya naye anacheka.
Posa imekubaliwa! Nimelia. Sijigambi tena, wallahi.

Jumamosi, 12 Desemba
Masouda kaja kunipa mkono wa heri. Kasema kasikia bwana harusi anaangukaanguka.
Nimemwambia kumi na tisa ni asubuhi moja tu. Maskati nzima, nani kapata kuanguka kutoka juu vile? Wazungu huacha kuteleza wakasimama kumtazama! Nikamuuliza, na huyo mwanao wa Kuwait, yeye kaanguka kutoka wapi?
Labda kitandani!