Ziara ya Kikazi Katika Nchi Isiyo na Mkubwa

Idara ya Ulinganifu wa Majina na Mandhari ina furaha kubwa kuwatangazia wakazi wote wa jiji la Chengdu kwamba enzi ya udanganyifu imekwisha. Kuanzia sasa, hakuna mchezo wa kompyuta utakaobeba jina ambalo nchi iliyomo ndani yake haijalistahili.

Matunda ya tangazo hilo yalionekana upesi. Mchezo ulioitwa Milki ya Theluji ulisimamishwa mpaka wenyewe walipotia theluji hata jikoni, juu ya meko inayowaka. Ule wa Pango la Joka Moja ulirudishwa na swali la kitaalamu: kama joka ni moja, yai lile pembeni ni la nani? Wenyewe walishindwa kujibu, wakalitoa yai. Wananchi wakalala usingizi wa amani.

Miao Ruolan, mwenye studio ndogo iliyokuwa juu ya duka la tambi, hakuwa na wasiwasi. Mchezo wake aliuita Nchi Isiyo na Mkubwa, na nchi yenyewe haikuwa na mkubwa. Aliona jambo limekwisha hapo. Alikuwa mwanamke mwenye akili zake, ila hakuwahi kufanya kazi serikalini.

Leseni aliihitaji kabla ya sikukuu ya Mwaka Mpya. Msambazaji alishasema hatangoja zaidi, na bila msambazaji studio ingefungwa, na watu waliochora kila jani la nchi ile kwa mkono wangefungasha virago. Kubadili jina nako hakukuwa njia. Jina jipya lilitaka jalada jipya, jalada jipya huenda nyuma ya foleni, na foleni ilikuwa ya miaka miwili. Jina lipite lilivyo, au studio ife.

Akaitwa idarani. Mkurugenzi Ouyang alimpokea akiwa na chupa yake ya chai mkononi. Kando yake aliketi naibu wake, Fang Kezhi, ambaye watu wote walimwita Mkurugenzi Fang, isipokuwa Ouyang akiwapo.

"Bosi Miao," alisema Ouyang, "nimesoma jina la mchezo wako. Limeniumiza."

"Pole, Mkurugenzi."

"Nchi hiyo inaongozwa na nani?"

"Haina kiongozi."

"Haina kwa muda, kwamba kiongozi yuko mkutanoni, au haina kabisa?"

"Haina kabisa. Watu wanasaidiana."

Ouyang na Fang wakatazamana. "Nani anawaamuru wasaidiane?"

"Hakuna."

"Mto ukifurika?"

"Wanajenga tuta."

"Baada ya kikao kipi?"

"Mkurugenzi, mto unakuwa umeshafurika. Wanachukua majembe."

Fang akaandika neno majembe kisha akalipigia mstari. Ouyang akanywa chai taratibu, kama daktari mwenye habari mbaya.

"Sikiliza, mama. Nimekaa kazini miaka mingi. Sijawahi kuona mahali pasipo na mkubwa. Hata chooni kwetu kuna msimamizi. Kwa hiyo, ama nchi yako ina mkubwa na umemficha, ama jina lako ni la uongo. Ila mimi si mtu mbaya, nimekutafutia jina lingine. Fang, msomee."

Fang akasimama. "Nchi Yenye Mkubwa Mwenye Busara Ambaye kwa Sasa Hayupo Ofisini."

"Linapendeza," alisema Ruolan. "Lakini nikilichukua nitarudi nyuma ya foleni."

"Foleni inafundisha subira."

"Mimi nina watu wa kulisha. Subira hailiwi. Huamini hakuna mkubwa? Njoo uingie uangalie mwenyewe."

Alisema hivyo kwa hasira tu. Hakujua kwamba ndani ya idara lile neno 'njoo' huhesabika kama mwaliko rasmi, na mwaliko rasmi huzaa ziara, na ziara huzaa posho. Uso wa Ouyang ukang'aa.

"Huko ni mbali?" aliuliza Fang.

"Ni ndani ya kompyuta."

"Mbali basi," alisema Fang, akaandika.

Siku ya ziara ilikuwa na ukungu na baridi ya kuingia mifupani. Ruolan alikuwa ametundika bango jekundu kwenye ngazi: TUNAWAKARIBISHA KWA MOYO MKUNJUFU VIONGOZI WALIOKUJA KUTUELEKEZA. Hakuna aliyemwagiza. Kuna mambo mtu hazaliwi akiyajua, ila baada ya kufungua biashara huyajua. Ujumbe wa idara ulipanda mmoja mmoja kwa mpangilio wa vyeo, wote wakiwa wamevaa kofia ngumu za ujenzi.

"Za nini kofia?" alinong'ona Duan, fundi wa programu wa studio.

"Ukaguzi," alisema Ruolan. "Nyamaza."

Wakaketi mbele ya kompyuta, Ouyang katikati. Mpigapicha wa idara akampiga picha akinyoosha kidole kwenye kioo ambacho kilikuwa hakijawashwa. Kisha Duan akawasha mashine zote, na kile alichokiona Ouyang kikatokea pia kwenye kioo kikubwa ukutani, ili wote wafaidi maono yake.

Kazi ya kwanza ilikuwa kila mtu kujiumbia msafiri wake. Ouyang akachagua mrefu kuliko wote. Fang akachagua wa kumfikia begani, kisha akafikiri, akampunguza mpaka kiunoni. Wa tatu kwa cheo akalazimika kuwa chini ya Fang, wa nne chini ya huyo, na ilipofika zamu ya karani wa mwisho, msafiri wake alikuwa na kimo cha kuku.

Wakaingia. Kulikuwa na kijiji, mashamba ya viazi, daraja la kamba, na watu walioendelea na kazi zao.

"Hawakupanga mstari," alisema Ouyang.

"Hawakuambiwa tunakuja," alisema Ruolan.

"Na wangeambiwa?"

"Wasingepanga."

Katika nchi ile msafiri huanza akiwa hana nguvu. Hupata nguvu kwa kumsaidia mtu: umtekee maji, umzibie ua, umshikie ngazi. Duan aliwaeleza hayo vizuri, na ujumbe wote uliandika. Kisha Ouyang akaelekeza kwamba maji yatekwe. Fang akaelekeza kwa wa tatu, wa tatu kwa wa nne, hadi yule karani mwenye kimo cha kuku akaenda kisimani. Alipomimina ndoo, nguvu zake zikapanda.

"Una wazimu?" Fang alimkemea kwa sauti ya chini. "Umempita Mkurugenzi. Rudisha maji."

Karani akaomba radhi, akayamwaga. Kuanzia hapo hakuna aliyegusa kitu. Wote wakabaki dhaifu kwa heshima.

Sheria nyingine ya ujumbe ilikuwa kwamba asiwepo wa kumtangulia Ouyang. Basi Ouyang akatembea mbele, na wengine nyuma yake kama shanga. Njiani wakakutana na bata bukini. Mtu yeyote aliyekulia kijijini anamjua ndege huyu: mbwa humkimbia, na mwenye nyumba humpisha. Alinyoosha shingo, akaja.

"Mwambieni asimame," alisema Ouyang.

"Simama," Fang akaiambia kompyuta.

Bata hakusimama. Alimdonoa Ouyang gotini, akamdonoa makalioni, akamsukuma hatua kwa hatua mpaka kwenye shimo la kuhifadhia viazi, akamtumbukiza. Kisha akakaa ukingoni. Ukutani, watu wote wakamwona mkurugenzi wao kwa ukubwa wa mlango, akitazama juu.

Mpigapicha akashusha kamera.

"Mkurugenzi ameamua kukagua shimo," alisema Fang.

Kalamu zote zikaandika.

"Mkurugenzi atokeje?" aliuliza Ouyang baada ya ukaguzi huo kuchukua muda wa kutosha.

"Avutwe na aliyemzidi nguvu," alisema Duan.

Wajumbe wakatazama viatu vyao. Hakukuwa na aliyemzidi. Walikuwa wamehakikisha hilo tangu asubuhi, na tangu walipoajiriwa.

"Au aombe msaada," aliongeza Duan. "Kuna kitufe. Wenyeji watakuja."

"Mkubwa haombi," alisema Ouyang. "Mkubwa anaelekeza." Akaanza kuelekeza kutoka shimoni. Alielekeza kuhusu usafi, kuhusu ari ya kazi, kuhusu ushirikiano na wadau. Mwanamke mmoja wa mle mchezoni, mwenye kikapu cha kabichi, alipita akachungulia, na maneno yake yakatokea kwenye kioo: Wewe ni nani?

Ouyang akaandika: Mimi ni Mkurugenzi Ouyang.

Unafanya kazi gani?

Ninaongoza.

Yule mama akafikiri kidogo, kwa namna Duan alivyomfundisha kufanya akikutana na jambo asilolijua. Kisha akajibu: Hiyo kazi siijui. Una njaa?

Fang akafunika mdomo kwa daftari. Baadaye alieleza kwamba alikuwa anapiga chafya.

Ilipofika mchana Ouyang alivua kofia na kuomba fomu ya taarifa. Swali kuu lilikuwa moja tu: Je, jina linalingana na mandhari? Ruolan akasogea karibu na fomu. Mstari mmoja wa kalamu, na watu wake wote wangekuwa barabarani siku ambayo wenzao wananunua fataki.

"Andika," Ouyang alimwambia Fang. "Jina halilingani. Mkubwa alionekana nchini."

"Yupi?" aliuliza Ruolan.

"Mimi. Nilikuwapo. Mahali nilipo mimi, mkubwa yupo. Hilo halihitaji kusomea."

Ruolan alilea watoto wawili, na alizijua hoja za namna hii. Wanawe waliziacha walipoanza shule. Hakupandisha sauti.

"Sawa, Mkurugenzi. Ila naona fomu inataka na mahali mkubwa alipoonekana, alikuwa akifanya nini, na picha ya ushahidi." Akageukia ukutani. "Duan, muandalie Naibu Fang picha nzuri. Bata aonekane."

Fang aliishika kalamu hewani. Ouyang akatazama ukutani. Bata naye, kutoka ukutani, akamtazama.

"Taarifa hii inakwenda wapi?" Ouyang aliuliza polepole.

"Mkoani, Mkurugenzi," alisema Fang.

Ouyang akanywa chai. Akanywa tena, ingawa chupa ilishaisha. Ndipo sura yake ikatulia kama ya mtu aliyeshauriana na taifa zima.

"Tumefanya uchunguzi wa kina," alisema. "Andika hivi. Ujumbe mzima, ukiongozwa nami, ulikaa nchini humo tangu asubuhi. Hakuonekana mkubwa wa aina yoyote. Si juu ya ardhi wala chini yake. Jina linalingana kabisa na mandhari."

"Niweke neno kabisa mara mbili?" aliuliza Fang.

"Weka."

Akasaini taarifa, akasaini na leseni. Akagonga muhuri kwa nguvu mpaka vikombe vikaruka. Ruolan aliichukua leseni kwa mikono miwili, akainama kama desturi inavyotaka, na alipoinuka uso wake haukuwa na kitu.

Mchezo ukatoka kabla ya sikukuu na ukapendwa. Taarifa nayo ikafika mkoani, ambako kwa kawaida taarifa hazisomwi. Kwa bahati mbaya mwezi ule mkoa ulikuwa unatafuta vyeo vya kupunguza, na ofisa mmoja mwenye bidii akaisoma. Aliirudia mara mbili. Kisha akamwita Ouyang.

"Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Unasema ujumbe mzima wa idara ulikaa pamoja tangu asubuhi, na ndani yake hakuonekana mkubwa wa aina yoyote."

"Ndiyo, lakini maana yake—"

"Ulidanganya mkoa?"

Ouyang alifahamu adhabu ya kudanganya mkoa. Yeye ndiye aliyewahi kuitungia mwongozo. "Sikudanganya," alisema.

"Basi tunakushukuru. Sisi tulidhani cheo kile kina mtu."

Cheo kikafutwa. Idara ikaendelea, na kwa kuwa hakukuwa na wa kungojwa asaini, foleni ya miaka miwili ikaisha kabla ya mvua. Jambo hilo bado linachunguzwa.

Siku moja adhuhuri, Ouyang alipanda ngazi za studio akiwa peke yake, bila kofia. Watu walikuwa wanakula. Ruolan akamkaribisha, akampa bakuli la tambi za pilipili kama ambavyo angempa yeyote aliyeingia saa hiyo.

"Bosi Miao," alisema akiwa amemaliza, paji la uso likimtoka jasho, "nina ombi. Mtie mkubwa kwenye nchi yako. Mdogo tu. Hata mlimani kule mbali, watu wasimwone. Jina likiacha kulingana, taarifa yangu itakuwa imekosea kwa nia njema, na kukosea kwa nia njema hakuna adhabu. Nitarudishwa."

"Huyo mkubwa atakuwa anafanya nini kule mlimani?"

Ouyang alifikiri kwa dhati. Pengine ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa na mtu aliyetaka jibu. "Atakuwapo," alisema mwisho.

"Tulishajaribu, zamani tulipoanza kuujenga," alisema Duan, mdomo umejaa. "Tulimweka mmoja. Bata walimtoa."

"Siwezi, baba," alisema Ruolan. "Nchi imeshakuwa ya wenyewe. Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Basi bomba liko pale. Kila mtu hapa huosha bakuli lake."

Wengine walishasimama na kurudi kwenye mashine zao. Ouyang aliinuka na bakuli, akaenda hadi penye sinki, akageuka kumpa mtu wa nyuma yake. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Akaligeukia bomba, akalitazama juu na chini, kisha akalielekeza kwa kidole.