Mnofu Kaingia Chama cha Majani

Redio ya Silima ilikuwa haina kazi nyengine ila kugombanisha watu. Alasiri ile joto la kaskazi limekaza hata kuku wamekaa midomo wazi, nayo ikaropoka mbele ya baraza zima la kahawa la Mgogoni: mtaalamu wa lishe awanasihi wananchi wanaokwenda pwani msimu huu kuchoma na kula, wapunguze nyama ya mafuta, wasiibabue mpaka ikawa makaa, wapendelee samaki, na nusu ya sahani iwe mboga.

"Nusu ya nini?" akauliza Pandu, fundi wa vitanda. Barazani jina lake Mnofu, tangu Idi moja alipomaliza mguu wa mbuzi peke yake, kisha akauliza wa pili uko wapi.

"Nusu ya sahani, Mnofu. Majani." Silima alipunguza sauti ya redio ili apandishe yake. Yeye wakimwita Mbiu, maana habari ikiingia kwake jua halizami nayo.

"Majani si anakula mbuzi? Na mbuzi si tunamla sisi? Basi majani tunakula, yakhe. Yamepita njia ndefu tu."

Baraza likapasuka kwa vicheko. Asiyecheka alikuwa Abrahman peke yake. Huyu alifanya kazi miaka mitatu jikoni mwa hoteli ya watalii, akarudi na kofia nyeupe na jina la Shefu.

"Chekeni," akasema. "Mie nimewaona wazungu kwa macho yangu. Samaki wa kuchoma, ndimu, tango na maji, basi. Mzee wa miaka thamanini anakimbia ufukweni na kichupi!"

"Na wewe wataka na sisi tufike thamanini tukimbie na kichupi?" Mzee Ngwali, muuza kahawa, hata hakuinua macho kwenye dele lake la kahawa. "Mie namuomba Mungu mwisho mwema, Shefu. Hayo sikumuomba."

"Mzee Ngwali, nasema afya!"

"Afya gani? Babu yangu kala mafuta ya nazi mpaka kafa."

"Kafa na miaka mingapi?"

"Kaanguka kwenye mkarafuu. Miaka haikuulizwa."

Shefu akapangusa uso kwa kiganja. Lakini alikuwa na lake. Jumapili baraza lote lilikuwa liende Vumawimbi, kama kila kaskazi, kuoga bahari na kuchoma mbuzi, na mchomaji alikuwa Pandu, mwaka nenda mwaka rudi.

"Mwaka huu tubadilishe," Shefu akasema. "Tuchome samaki, changu. Tuwe na muhogo wa kuchemsha, na mchicha."

"Mchicha!" Pandu akasimama, akashika kiuno. "Mtu mzima atoke Mgogoni mpaka Vumawimbi kwenda kula mchicha? Mchicha hata kuku wangu anao, wala hajapanda gari!"

"Mnofu, weye utatuua."

"Mie? Nani kamuona maiti aliyeandikiwa kafa kwa mbavu za mbuzi? Mie chama changu ni cha nyama. Wa chama cha majani wakakae kule na mbuzi, wagombanie nyasi za shamba."

Watu walicheka mpaka kikombe kikamwagika. Pandu naye alicheka, tena kuwashinda wote, kwa sababu mtu mwenye siri hucheka kwa nguvu.

Wiki iliyopita alikwenda hospitali kwa ajili ya jicho, akatoka na maradhi mengine. "Sukari imepanda, mzee wangu," muuguzi alimwambia, "na presha nayo haiko mbali." Akapewa vidonge, akaambiwa aache nyama ya mafuta, ale mboga, atembee asubuhi. Hakumwambia mtu, hata mkewe, Mwatum. Barazani ndiko hasa alikokuogopa. Mwaka uliopita Jaribu, mvuvi, mwenzao wa miaka, aliambiwa hayo hayo. Nani aliyempa jina la Guru, kama sukari guru? Pandu. Nani aliyemuuliza kila alasiri, "Guru, chungu wanaofuata utamu wamekuachia upite leo?" Pandu huyo huyo. Jaribu alicheka siku ya kwanza, na ya pili. Baada ya wiki mbili hakuonekana tena, kahawa akanywa kwao. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Pandu keshaingia, na maji yako kifuani.

Jumapili wakafika Vumawimbi jua halijawa kali. Pandu alimeza kidonge chake alfajiri kwa kujificha, na kwa kujificha huko huko akasahau kula. Alipofika akamkuta Jaribu kwenye miti ya mivinje, hatua kama ishirini kutoka kwao, kashawasha moto wake mdogo, changu wamelala juu ya wavu.

"Nani kamwalika?" Pandu akamnong'oneza Silima.

"Shefu. Jaribu ndiye mwenye samaki. Kwani una neno naye?"

"Sina neno na mtu," Pandu akasema, akageukia mbuzi.

Mbuzi yule alichomwa akachomeka. Mafuta yakidondoka, moto ukiruka, harufu ikafika mpaka kwa watoto waliokuwa ndani ya maji. Kila mara mtu akipiga kelele: "Mnofu, onja! Chumvi imekolea?" Naye Mnofu anatia kinofu mdomoni, anaugeukia moshi kama uliomwingia machoni, anajifuta kwa leso. Kinofu kinabaki kwenye leso. Mara ya tano, leso ilikuwa nzito kuliko sahani za watu.

Saa tano ikamkuta bado yuko mbele ya moto. Jasho likamtoka, jasho la baridi, siyo lile la moto. Akaona mbuzi wamekuwa wawili. Akataka kukaa na asijue mchanga uko wapi.

Mkono ukamdaka kwapani. Alikuwa Jaribu. Hakusema kitu mbele ya watu, alimwongoza tu mpaka kwenye mivinje kama wanaokwenda kutafuta kuni, akamkalisha chini.

"Umekula nini tangu asubuhi?"

"Nyama," Pandu akasema kwa ulimi mzito.

"Nyama imekula leso yako, nimeiona. Shika. Kunywa soda hii."

"Soda? Mie siwezi, mie nina..."

"Najua unacho nini. Kunywa nusu. Upesi."

Pandu akanywa. Jaribu akamvunjia muhogo, akamtilia na samaki, akamtazama anavyotafuna kama mama anayemtazama mtoto aliyesusa. Taratibu bahari ikarudi mahali pake, na mbuzi kule akawa mmoja.

"Ulijuaje?"

"Umemeza dawa hukula, sukari imeshuka kupita kiasi. Mie nilianguka vivyo hivyo mwaka jana, mnadani. Mlisema nimelewa uji."

Aliyesema alikuwa Pandu peke yake, nao wote wawili wakijua. Akamwangalia samaki, akaliangalia vumbi la mivinje.

"Jaribu. Yale maneno yangu..."

"Yalikuwa machungu. Daktari kanikataza matamu tu."

Walicheka kidogo. Kisha Jaribu akaacha kucheka. "Lakini nikilala nayo, Pandu. Sukari nilikuwa nameza vidonge ikashuka. Yale maneno sikuandikiwa dawa yake."

Pandu alimshika mwenzake mkono, akauacha pale pale, na macho yake yakaingia moshi, safari hii bila moto.

Ndipo Silima akatokea baina ya miti, ubavu wa mbuzi mkononi. "Ebo! Mnofu anakula samaki! Kwa siri! Na kwa Jaribu!"

Pandu akahesabu kichwani: Silima kaona saa sita, saa nane itajua Konde, alasiri Wingwi yote. Akasimama, bora atangaze mwenyewe.

"Mbiu, sikiliza vizuri usije ukakosea. Mie nina sukari. Tangu wiki iliyopita. Nenda katangaze, na presha usiisahau. Na Jaribu nimemkosea, hilo litangulize."

Silima alifungua mdomo. Habari kubwa kama ile, mbichi, bado inapumua! Lakini akautazama ubavu wake. Akamtazama Jaribu.

"Hivi," akasema polepole, "mtu kuamka mara nne usiku kutafuta maji, na hilo limo?"

"Limo," Jaribu akajibu.

"Na kufa ganzi vidole vya miguu?"

"Kesho twende wote hospitali. Nitakupitia."

Silima akauweka ubavu juu ya jani, taratibu, kama anayemlaza mtoto wa watu. "Huyo changu mwengine ana mwenyewe?"

Ikawa hivyo. Mmoja mmoja walihamia mivinjeni, na Mzee Ngwali na dele lake. Kule kwenye mbuzi alibaki Shefu peke yake, akila kwa huruma tu, alivyosema, mbuzi asije akaharibika.

Kabla ya magharibi Pandu alikuwa mlangoni kwake. Alimkuta Mwatum kakaa kizingitini, kakunja mikono, uso umefungwa.

"Mke wangu, nina neno. Nimelificha wiki nzima."

"Najua."

"Unajua?"

"Mie mjinga? Wali hutaki. Alfajiri waenda matembezi, ukirudi wajitazama tumbo kwenye kioo. Mume wa miaka khamsini na tatu! Sema tu, wa wapi? Wa Wingwi au wa Konde?"

"Mwatum, ni sukari."

"Sukari binti nani?"

Pandu akakaa chini kwa kicheko, akaeleza yote, kidonge, leso, soda. Mwatum akamsikiliza mpaka mwisho, akamshika paji la uso, akavuta pumzi ndefu.

"Alhamdulillahi," akasema. Kisha akajishika mdomo. "Siyo hivyo. Mungu akuponye, mume wangu. Kesho nakupikia mchicha. Lakini leo ingia ndani ufunge mlango wa uani."

"Kwa nini?"

"Kaka zangu wa kisiwani Kojani nimeshawapigia simu kuwa umepata mwanamke. Washavuka, wote wanne."