Mpango wa Dharura wa Nyumba Yetu, Toleo la Kwanza

Jumatatu, 4 Machi

Mama mkwe aliingia jana na sanduku moja na goti bovu. Jumapili ataamua: abaki kwetu moja kwa moja, au ahamie kwa wifi yangu, mshonaji wa mtaa wa pili. Namtaka abaki. Jiko langu halikuwa limesikia kicheko kabla yake. Hoja ya wifi ni moja tu: kwangu si salama, eti nasoma vitabu huku sufuria zinaungua. Ilitokea mara mbili! (Tatu, nikiwa mkweli.) Nitamjibu kwa maandishi. Nimeanza Mpango wa Dharura. Sura ya kwanza: dhana ya hatari.

Jumanne, 5 Machi

Kurasa kumi na nne! Moto, tetemeko, kimbunga, mtu kujifungia chooni. Sijaandika kitu chenye muundo mzuri hivi tangu tasnifu yangu, ingawa mwandishi si mwamuzi mwema wa kazi yake. Nimewasomea sebuleni. Mume wangu, fundi saa, alisinzia kwenye tetemeko. Mama mkwe pekee ndiye aliyeuliza swali: koki kuu ya maji iko wapi, mwanangu? Nikamwambia ni swali zuri sana, litashughulikiwa katika toleo la pili. Akasema haya, ila maji hayajui kusoma. Nimeinukuu kauli hiyo pembezoni. Ina mvuto. Haina ushahidi.

Alhamisi, 7 Machi

Mazoezi. Kanuni ni moja kwa kila janga: filimbi ikilia, dondosha ulichoshika, toka, jipange langoni kwa umri, subiri orodha iitwe. Hakuna kurudi ndani. Kifungu cha Saba! Mara ya kwanza dakika tatu. Binti yetu, mwenye miaka kumi na mmoja, alitoka na povu kichwani. Nikampongeza mbele ya wote. Mara ya nne: dakika moja na sekunde arobaini! Mama mkwe alitoka na kigoda chake, akisema wenye magoti na wasimame, yeye atakaa.

Wifi akapita. Akauliza tunasubiri kupigwa picha au kugawiwa unga. Kisha akaniambia, wifi yangu wee, nyumba yako ina karatasi nyingi kuliko ndoo. Msomi hubishana na hoja, si na kidomodomo. Jibu lilinijia baada ya saa mbili, lakini lilikuwa zuri.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya fahari! Saa nne asubuhi bomba la jikoni limepasuka. Maji hadi darini! Mume wangu alikuwa hapo hapo, ameshaanza kulifunga kwa tambara. Nikapuliza filimbi. Akalidondosha papo hapo. Utii ulioje! Dakika moja na sekunde thelathini na moja, rekodi mpya.

Nikaita orodha. Mume: yupo. Binti: yupo. Mama mkwe: kimya. Nikarudia. Kimya. Mume wangu akataka kumfuata. Nikamshika shati, maana Kifungu cha Saba hakimtambui mtoto wa mtu. Mimi mwenyewe nilitamani kukimbia ndani. Nikaanza orodha upya, huku maji yakipita chini ya mlango kuja kutusalimu.

Mara yakakatika. Akatokea mama mkwe, amelowa hadi kiunoni, anachechemea. Kumbe alikuwa ameisaka koki kwa mikono yake, akaikuta nyuma ya kabati la vyombo na kuifunga. Akatuuliza tumefuata nini huku nje, jamani. Binti yetu akamjibu: utaratibu, Bibi.

Godoro lake limelowa chapa. Zulia linaelea. Lakini roho nne zote salama! Ingawa, kwa mizani ya haki, tatu tu ndizo zilizotoka kwa kanuni. Nikamwandikia mama mkwe onyo, la upole, aya mbili. Mume wangu alinisihi nisimpe. Nikampa. Alilisoma akiwa amesimama majini, akalikunja vizuri, hakucheka. Yawezekana hakuwa na miwani.

Jumapili, 10 Machi

Amehamia kwa wifi. Alinikumbatia kwa muda mrefu, akasema ananipenda kama aliyenizaa, ila goti lake halitaki tena foleni. Wifi alibeba sanduku, akicheka hadi mwisho wa mtaa. Jiko limerudi kuwa jiko. Nimelia kidogo juu ya sinki.

Kisha nikajiuliza, kwa uaminifu wote, kama kosa ni langu. Nimelipima swali hilo pande zote, takriban dakika kumi. Hitimisho langu, ambalo naliacha wazi kwa mjadala: hapana. Mama wa watu aliondoka kwa sababu hakupata mazoezi ya kutosha. Na sasa analala wapi? Katika nyumba isiyo na mpango hata wa nusu ukurasa! Vitambaa kila kona, mashine tatu, pasi haizimwi. Siwezi kumwacha hivyo, nampenda mno. Tangu adhuhuri nimewaandikia kurasa kumi na tisa. Kesho saa kumi na mbili unusu asubuhi nitakuwa kwa wifi kuwaendeshea zoezi la kwanza. Sijawaarifu. Dharura haibishi hodi.