Hema Hili Haliendi Kanada

Jumatatu, 9 Machi

Leo nimekuwa mtu mwenye trela! Si trela la mizigo. Trela la hema. Unazungusha mkono wa chuma, paa linapanda, vitanda viwili vinatoka ubavuni kama droo za kabati. Familia nzima inalala humo kando ya bahari, watu wakipita wanasalimia kwa heshima. Mteja wangu wa Sydenham, Bwana Naidoo, alikuwa nalo uani miaka kumi na moja. Nimemtengenezea simu nne za familia yake dukani kwangu, vioo na betri, akasema nilichukue leo leo. Mke wake alisimama mlangoni akanishukuru mara tatu. Sijaelewa kwa nini anishukuru yeye.

Shida moja ndogo. Sisi tunakaa Albert Park, hapa Durban, ghorofa ya tisa, na lifti imekufa tangu Desemba. Nimemwomba Mzee Dominiki, mlinzi wa kanisa letu huko huko Sydenham, anitunzie trela uwanjani. Tumelisukuma kwa mikono, watu sita, tukapita robot mbili, zile taa za barabarani. Kwenye robot ya pili, mlimani, lilitaka kurudi kwa Naidoo.

Jumanne, 10 Machi

Nimemwambia Mama Diane. Nilisubiri amalize kula kwanza, maana mimi nina akili. Nikaeleza: likizo ya shule, Scottburgh huko pwani, siku tatu, hema. Binti yetu Diane, miaka kumi na moja, aliruka hadi akaangusha kikombe. Darasani kwao wote wameshapiga kambi, isipokuwa yeye na mtoto mmoja mwenye pumu.

Mama Diane hakuruka. Akasema taratibu kabisa kwamba yeye amelala chini ya turubai miaka tisa kule Kigoma, kambini, tangu alipokimbia Burundi akiwa mtoto wa miaka saba. Akauliza ni nani aliyeniambia kwamba yeye anautamani mwaka wa kumi. Kisha akatoa vyombo.

Nikamfuata jikoni kumweleza tofauti. Lile lilikuwa hema la shida, hili ni la starehe. Akauliza hili la starehe linafungwa kwa kitu gani. Nikasema zipu. Akasema na lile pia.

Diane amelia mpaka amelala. Nimemwapia, mkono juu ya Biblia, kwamba mama yake atakuja. Eish. Sasa sina njia.

Alhamisi, 12 Machi

Nimepata! Mama Diane anachukia hema kwa sababu kambini walikosa vitu. Basi mimi nitatia kwenye trela kila kitu walichokikosa. Akiingia, atakuta hakuna anachokosa, atalala. Hesabu rahisi.

Lakini walikosa nini? Mimi sijui. Nilitoka Uvira, Kongo, kwa mabasi na malori moja kwa moja hadi Durban, kambini sijalala hata siku moja. Kumuuliza yeye siwezi, atagundua mpango. Ila kanisani kwetu nusu ya watu wamepita kambini! Nitawauliza wao. Nimeandika maswali kumi na mawili kwenye daftari gumu. Jina. Kambi gani. Miaka mingapi. Familia watu wangapi. Mlikosa nini. Na kadhalika. Nimejipongeza kwa soda.

Jumapili, 15 Machi

Baada ya ibada, Mama Diane alipokwenda kwenye mazoezi ya kwaya, niliweka meza mbele ya trela. Shati jeupe, kalamu, kitambulisho cha duka shingoni, ili watu waone sifanyi mchezo. Wa kwanza alikuwa Mama Godelive, bibi wa miaka sabini, kambini miaka kumi na minne. Alikosa chumvi. Alikosa taa. Alikosa mlango, kwa sababu turubai halina pa kubisha hodi, mtu anaingia tu. Akalia kidogo. Nikaandika. Akauliza ni familia zipi zitakwenda. Nikamwambia tutaanza na familia moja, halafu tutaona. Akanishika mikono yote miwili, akaniombea. Mama wa dhahabu.

Kufika saa nane nilikuwa na familia kumi na tisa. Kila mtu aliuliza kama alete na karatasi zake. Karatasi za nini, sijui, lakini nikasema alete Jumamosi akipenda. Sikutaka kumvunja mtu moyo.

Shemeji Ruphin, mume wa dada yangu Huguette, alipita na ufunguo wa pikapu ukining'inia kidoleni. Akalizunguka trela, akaniambia Peguy, umepata banda zuri, kuku utaleta lini. Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu pikapu yake ndiyo pekee katika ukoo mzima yenye kulabu ya kuvutia trela. Roho iliniuma sana.

Jumatano, 18 Machi

Kazi inakwenda. Chumvi: gunia la kilo ishirini na tano. Taa: tatu, moja ya akiba, moja ya akiba ya akiba. Mlango: nimeng'oa mlango wa kabati letu la jikoni, nimeufunga kwa waya pale pa kuingilia. Unabishika vizuri. Mapazia nimeyatoa chumbani kwetu. Trela limelalia upande wa chumvi, lakini si sana.

Mama Diane ameuliza mlango wa kabati uko wapi. Nikasema uko kwa fundi. Akauliza mapazia. Nikasema nayo yako kwa fundi. Hajashuku kitu.

Jambo moja silielewi. Watu wamekuwa wema kupita kiasi. Ndugu Alain anayeuza viatu amenipa jozi mpya, nambari si yangu, lakini ni zawadi. Mama Godelive ametuma dukani sombe, majani ya muhogo, na samaki. Kwenye taxi, lile basi dogo la abiria, mtu nisiyemjua amenilipia nauli, akanong'ona nisimsahau. Na watu tisa wameniachia picha zao ndogo, zile za pasipoti. Labda ni kumbukumbu. Nimezibandika ndani ya hema, ukutani, zimependeza sana.

Mzee Dominiki ameziangalia picha, akaniangalia mimi, akasema asiyejua maana haambiwi maana. Nikamwambia kweli kabisa, mzee. Kisha nikawaza njiani alikuwa anamsema nani.

Jumamosi, 21 Machi

Mungu wangu.

Mpango ulikuwa Mama Diane aje saa nne kuona trela lililokamilika. Mimi nikafika saa mbili kufagia. Nikakuta foleni! Kutoka mlango wa kanisa hadi kwenye robot. Familia arobaini, mvua ya rasharasha, kila mtu na bahasha kifuani. Machozi yalinilenga. Sikujua watu wetu wanapenda kambi namna hii. Nikalitoa nje gunia la chumvi, nikapanda juu yake nikawashukuru. Nikasema hema linachukua watu sita tu kwa mara moja, lakini wakiwa na subira kila familia itapata zamu.

Makofi. Vigelegele!

Halafu baba mmoja akachungulia ndani, akaona picha ukutani. Akapiga kelele: kwa nini Alain amekubaliwa na yeye hajakubaliwa? Wakaanza kusukumana. Nikauliza amekubaliwa wapi. Mama Godelive akasema, kwa sauti ndogo, Kanada.

Nikasema hapana mama, Scottburgh.

Mtu wa nyuma akauliza kama kutoka Scottburgh ndiyo wanaunganishiwa Kanada.

Hapo ndipo nilipoelewa, au nusu. Walidhani mimi ni mtu wa shirika la wakimbizi. Walidhani daftari langu ni ile orodha ya kupelekwa ng'ambo, wanayoisubiri miaka yote. Nikatazama foleni nikitafuta wa kunitetea. Nikamwona mtu wa saba, chini ya mwavuli, kofia imeshuka hadi puani, bahasha mkononi. Ruphin! Yule yule wa banda la kuku!

Wangenirarua. Lakini Mama Diane akafika. Akaona hema, foleni, bahasha, na kitambulisho shingoni mwangu. Uso ule sijawahi kuuona na sitaki kuuona tena. Akachukua daftari, akasoma maswali yote kumi na mawili. Akaniambia, mimi peke yangu, kwamba haya ndiyo waliyoulizwa kambini kila mwaka. Mama yake aliyajibu mara tisa, kila mara amevaa kitenge chake kizuri, na akafa bila kuitwa.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Akapanda yeye juu ya chumvi. Akawaambia, kwa Kirundi kisha kwa Kiswahili, kwamba hakuna orodha, hakuna safari. Akasema mume wake si tapeli, ni mjinga tu, na ushahidi anao wa miaka kumi na minne. Watu wakakubali upesi sana. Hilo nalo limeniuma.

Mvua ikazidi. Trela nilikuwa nimeliweka bondeni, maji yakaanza kuingia chini. Mama Diane akachukua jembe la Dominiki, akiwa na viatu vyake vya kanisani, akachimba mtaro kulizunguka hema. Dakika kumi! Akakaza kamba nilizofunga mimi, zote. Akawaita wazee waingie, akawasha jiko la gesi, chai. Mama Godelive alipofika akasimama nje kwenye mvua akabisha mlango wa kabati. Hodi. Mama Diane akajibu karibu. Wakatazamana, wakaanza kucheka, na katikati ya kucheka wakalia wote wawili.

Mimi nilibaki nje. Nafasi haikutosha. Chumvi imeyeyuka nusu.

Jumapili, 22 Machi

Nimeomba radhi mbele ya kanisa zima. Picha nimerudisha, viatu pia. Sombe nilishakula.

Jioni Mama Diane akasema atakuja Scottburgh, kwa ajili ya Diane, ila ana sharti moja. Nikachukua kalamu. Nilidhani ni godoro nene, au kioo. Anataka tarehe ya kurudi. Kwenye karatasi, na sahihi yangu. Akasema walipofika Kigoma waliambiwa ni wiki tatu tu, na mama yake hakutaka hata kufungua mabegi. Kama siku ya kutoka inajulikana, yeye anaweza kulala popote.

Nikaandika: tunakwenda Jumatatu tarehe 30 Machi, tunarudi Jumatano tarehe 1 Aprili, saa nne asubuhi. Sahihi. Akaikunja, akaitia ndani ya Biblia. Nikauliza ni hayo tu. Akasema ni hayo tu.

Ajabu! Trela zima nimelijaza, kumbe kilichokosekana ni kikaratasi! Nimekiongeza kwenye daftari, swali la kumi na tatu.

Ruphin atatuvuta, kwenda na kurudi, mradi nisimwambie mtu kuhusu nambari saba. Nimekubali. Huguette nilishamwambia jana.

Jumanne, 31 Machi, Scottburgh

Ushindi! Voilà!

Kila kitu sawa. Hema limesimama. Diane ameogelea hadi vidole vimekunjamana. Nyani wameiba mkate wetu wote, Mama Diane akacheka hadi akakaa chini. Usiku alilala, tena alikoroma, mimi nimesikia. Leo asubuhi amekaa pale kwenye mlango wa kabati na chai yake, miguu juani, akasema pazuri hapa. Amesema mwenyewe! Sikumuuliza!

Kitu kimoja tu sikielewi. Mabegi ameshayafunga tangu jana, saa ile tulipofika. Yako mlangoni, yamepangwa, na ile karatasi yangu iko juu yake, ameibana kwa jiwe. Kila akipita anaitazama. Mwanamke nadhifu sana.

Nikawaza. Mtu akipenda mahali namna hii, mume mwenye akili anafanya nini? Nimekwenda ofisi ya wenye uwanja wa kambi, nimeongeza siku mbili, hadi Ijumaa. Nimempigia Ruphin asije kesho. Ameuliza kama Mama Diane anajua. Nikamwambia shemeji, ikijulikana itakuwa mshangao gani? Atajua kesho saa nne, akiona pikapu haiji. Natamani nione uso wake!

Nimemwambia Diane peke yake. Hakufurahi. Ameacha samaki kwenye sahani, akaenda kukaa juu ya mabegi, akamshika mama yake mkono. Ni jua tu, nadhani. Kesho nitamnunulia kofia.