Klachi ya Steji Tatu

Jumatatu, 3 Novemba

Kamati ya harusi imekutana kwetu, hapa Woodley. Dada yangu mdogo, Everlyn, anaolewa tarehe kumi na tano. Ajenda ya leo: nani atambeba bibi harusi kanisani. Shemeji Lenox, mume wa dada yetu mkubwa, alisimama kabla chai haijafika. Akasifu gari lake jeupe, viti vya ngozi, gia zinazojibadilisha zenyewe. Kisha akapendekeza gari langu, kwa vile ni la kukanyaga klachi, libebe masufuria.

Masufuria! Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka Everlyn shule kwa baiskeli, yeye amekaa nyuma na kunishika shati. Aliniahidi kwamba siku ya harusi nitambeba mimi. Nataka kumbeba. Naandika hapa kwa sababu mbele ya watu niliishia kugawa vikombe. Shangazi Selpher, mwenyekiti, amesema uamuzi utatoka wiki ijayo. Lenox akatabasamu. Ana meno mengi sana yule mtu.

Jumatano, 5 Novemba

Nimegundua tatizo. Klachi! Yangu imezeeka. Nakanyaga mafuta, injini inalia, gari linakaa kwanza kufikiria. Viraj, tunayefanya naye kazi Westlands, hutazama sana mbio za magari. Amesema dawa ni klachi ya mashindano.

Saa ya chakula nilikimbia mjini, Kirinyaga Road, kwa Gurdeep muuza spea. Akaniuliza nataka steji gani. Nikamweleza vizuri: siku nikiliacha gari napandia Woodley, napitia Kileleshwa, nashukia Westlands. Gurdeep akavua miwani. Akamwita mkewe kutoka ndani aje asikie. Nikarudia. Mkewe akaegemea kaunta, mabega yakimtikisika.

Kumbe steji si vituo vya matatu tu; klachi nazo zina steji. Ya kwanza ni ya mtu wa kwenda kazini. Ya pili ni ya mwenye haraka. Ya tatu ni ya mashindano. Gurdeep alinisihi nichukue ya kwanza. "Wewe iko jam kila siku, bwana. Hii ya tatu itakula mguu yako." Nikamuuliza, je, Lenox angekuja, angechukua ipi? Akasema hamjui Lenox. Nikachukua ya tatu.

Ijumaa, 7 Novemba

Fundi Kaindi ameifunga. Pedali! Nilidhani amesahau jiwe chini yake. Kaindi akasema ndivyo ilivyo, tena hii haina katikati: ama imeshika, ama imeachia. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia awashe.

Barabara ikiwa tupu, raha tupu! Nilipiga kelele peke yangu kwenye gari. Halafu nikafika Kileleshwa, kwenye foleni. Gari likaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Likazima. Likaruka. Likazima. Jamaa wa bodaboda akainama dirishani kuniuliza kama najifunza. Nikamjibu kwa ukali kwamba hii ni steji tatu. Akanipa pole, akasema steji nimeshaipita, iko pale nyuma.

Jumatatu, 10 Novemba

Nachechemea. Viraj ameuliza kama nimeumia kwenye mpira. Nimesema ndiyo, na kwamba nilifunga bao.

Jioni, kamati. Shangazi Selpher ametangaza: Nashon atambeba bibi harusi. Nashon ni mimi! Ameongeza kwamba ni chaguo la Everlyn mwenyewe. Masufuria kapewa Lenox. Oh, ule uso! Nilicheka hadi nikakanyagia ule mguu mbaya. Bila shaka habari za klachi zimewafikia.

Alhamisi, 13 Novemba

Mazoezi. Nimeweka ndoo ya maji kiti cha nyuma iwe ndiyo Everlyn. Kabla sijafika kwenye kona, Everlyn alikuwa amemwagika wote.

Mpango mpya: kutotambaa. Shida yote iko kwenye kutambaa. Jumamosi asubuhi barabara huwa wazi. Nitatoka getini moja kwa moja hadi kanisani Kileleshwa, bila kusimama. Wakati mwingine akili yangu hunishangaza.

Jumamosi, 15 Novemba

Nilisahau akina mama.

Bibi harusi hatoki kwao mbio. Anatolewa kwa nyimbo. Walijipanga mbele ya gari, Shangazi Selpher katikati, wakicheza hatua moja mbele, mbili pale pale. Nikaachia klachi. Gari likaruka. Shangazi akaruka. Gari likazima. Wakadhani nimesimama kwa heshima, wakaongeza ubeti. Everlyn alikuwa akijipaka rangi ya midomo. Mstari ulifika sikioni. Ua lake likanigonga kisogo. Mguu ukaanza kutetemeka, na gari nalo likatetemeka. Mama mmoja akapaza sauti kwamba hata gari linacheza! Vigelegele. Wakaanza wimbo upya.

Ndipo moshi ukatoka. Vigelegele vikakatika. Shangazi Selpher akaja dirishani na kusema, kwa upole uliozidi matusi, "Nashon, shuka, baba."

Masufuria yakatolewa kwenye viti vya ngozi vya Lenox, yakaletwa kwangu. Everlyn akaenda na Lenox. Nilibaki na masufuria nikisubiri klachi ipoe, na nililia kidogo. Nilifika kanisani wakati wa viapo. Kila mara gari liliporuka, masufuria yalilia. Mchungaji akasimamisha viapo hadi niegeshe. Wanasema Everlyn alicheka hadi bwana harusi akamshika mkono.

Jumanne, 18 Novemba

Kaindi amerudisha klachi ya kawaida. Everlyn amepiga simu kutoka Naivasha, walikoenda fungate. Bado anacheka. Ndipo akaniambia. Alimwambia Shangazi tangu mwanzo kwamba anataka gari langu, kwa sababu huenda polepole, kama ile baiskeli. Lenox huendesha kama anayefukuzwa. Alitaka kutoka nyumbani taratibu, na kaka yake. Lile gari bovu ndilo alilotaka.

Iliniuma hapa kifuani. Sikuhitaji kubadilisha chochote! Akasema wanarudi Jumapili, na nikawachukue mimi, polepole, kama zamani. Nimeapa. Funzo limeniingia.

Saa hii Lenox ameandika kwenye grupu la familia kwamba Jumapili ana nafasi, na kwamba siku hizi anaendesha taratibu sana.

Taratibu! Lenox!

Nimempigia Gurdeep. Alipoona ni mimi akakata simu. Kesho nitampata dukani. Nataka kumuuliza kitu kimoja tu: kama kuna mashindano ya kwenda polepole, na klachi yake ni ya steji gani.